Mlio wa Mguu wa Pasang

Mtaa wa Soko la Zamani,
Rantepao,
Tana Toraja.
9 Agosti, 1994

Mpendwa Dada Ludia,

Pokea salamu zangu kutoka huku milimani, wewe, mumeo Henk na mapacha wenu. Je, kifua chako kimepona? Barua yako ya mwisho ilisema unakohoa tangu majira ya baridi, na mama yangu hajatulia tangu nilipomsomea. Anasema huko Groningen hamna tangawizi ya maana. Atafunga kidogo kwenye kitambaa, nami nitaituma nikipata mtu anayesafiri.

Mimi ni mzima, kwa kiasi cha mtu anayeweza kushika kalamu. Ukiona mistari inapanda na kushuka, usishtuke. Jicho la kushoto limefumba na ninaandika nikiwa nimeinamisha kichwa upande. Mbavu zinachoma nikivuta pumzi. Nitakueleza kwa utaratibu, maana nikianzia mwisho utaogopa kabla ya kujua cha kuogopa.

Mpunga wa Salurante umevunwa wote na umeingia ghalani. Dada yangu Damaris tumbo limekuwa kubwa, mkunga anasema mwezi ujao. Mwili wake hauna neno. Moyo wake ni habari nyingine, nami ninahusika.

Sasa kitabu chako. Ulisema umezaliwa Makassar, ukakulia Makassar, ukaolewa Uholanzi, na hujawahi hata mara moja kusimama kwenye uwanja wa sisemba, ilhali sura nzima ya riwaya yako inatokea humo. Ukaniomba niende baada ya mavuno, vijiji vinapokutana kupigana mateke, nikakusanyie harufu, milio na ladha. Picha unazo, ulisema, hutaki picha. Unataka kujua udongo wa jaruba unanukaje, wanawake wanapiga kelele za namna gani, kinywa cha mwoga kina ladha gani. Na zaidi ya yote ulitaka kujua mfupa wa mguu ukivunjika unalia vipi, kwa sababu ulikuwa umeandika "kama kuni kavu" na ukajishuku.

Ulifanya vizuri kujishuku. Lakini mlio huo una mwenyewe, na ilinibidi nimwombe ruhusa. Utaona.

Lazima nianze na ile sura uliyonitumia. Niliisoma kwa sauti nyumbani kwa mwashi Pasang, mume wa Damaris, Jumapili moja baada ya kanisa. Walikuwepo Pasang, Damaris, na Barumbun, kaka yake Pasang, ambaye humjui. Barumbun hufuga nyati wa kupiganisha na huzungumza na watu kama anavyozungumza na nyati. Nilifika pale ambapo kijana wako Lotong ameanguka, na watu wa kijiji cha ng'ambo ya mto wanampiga teke akiwa chini mpaka mguu unavunjika.

"Ng'ambo ya mto ni wapi, kama si Lempokada?" Barumbun akasema.

"Ni riwaya, kaka. Ametunga."

"Katunga nini? Mtu yuko Ulaya, amesoma, atakaa aandike uongo? Ameambiwa na mtu."

Pasang akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Huyo Lotong hajui kuanguka! Mtu akianguka anajikunja kama kambale, na hakuna atakayemgusa. Mwambie dada kijana wake anahitaji mazoezi."

Tulicheka wote isipokuwa Barumbun. Mimi nikakunja karatasi zako nikaenda zangu, na sikulifikiria tena jambo hilo. Laiti ningelifikiria.

Siku ya sisemba nilitoka ofisini moja kwa moja, na suruali yangu ya kazini, ile ya kijivu. Nilisimama juu ya tuta pamoja na wanawake, nikafanya kama ulivyoniagiza, nikafumba macho. Basi andika moshi kwanza. Mabua ya mpunga yanachomwa majaruba ya juu, na moshi wake ni mchungu, unakaa kooni hauendi mbele wala nyuma. Halafu sigara za karafuu, kila mwanaume anayo, hata anayekwenda kupigana anavuta mpaka dakika ya mwisho na kumpa mkewe kipande amshikie. Vijana walikuwa wamejipaka mafuta ya kuchulia miguuni mpaka ikang'aa, na ukiwa karibu yanakuchoma macho. Pembeni nyama ya nguruwe ilikuwa ikiiva ndani ya mianzi. Jasho sikulinusa mwanzoni. Jasho lilikuja baadaye, na halikuwa kama jasho la mtu aliyelima.

Nilichokikosa ni udongo. Juu ya tuta moshi ulifunika kila kitu. Kwa hiyo nilikunja suruali hadi magotini isije ikachafuka, nikashuka jarubani, nikainama, nikateka udongo kwa kiganja nikaunusa.

Dada, mimi nimezaliwa huku. Nilipaswa kukumbuka. Mwanaume aliyekunja suruali na kushuka kwenye jaruba siku ile amekubali kupigwa. Hakuna tamko jingine, hakuna anayeulizwa mara ya pili. Lakini nilikuwa na akili ya barua yako tu.

"Tazameni, karani anakula udongo!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Mpelekeeni chumvi!"

"Mwacheni, anapima shamba la serikali!"

Kabla sijainuka, mtu akanishika mkono wa kulia. Alikuwa Pasang, kifua wazi, anang'aa mafuta.

"Shemeji! Umekuja kweli?"

"Nilikuwa nanusa tu."

"Unanusa?"

"Kwa ajili ya Dada Ludia. Kwa kitabu."

Akanitazama, akatazama suruali yangu, akacheka. "Basi utanusa vizuri. Mwenzangu amelala na homa, mkono wangu hauna mtu."

"Pasang, mimi sijui kupiga teke."

"Nani amekuomba teke? Wewe shika mkono, usiuachie. Mikono ni ya kushikana tu, aliyeanguka haguswi. Na funga mdomo, usije ukang'ata ulimi."

"Na nikipanda tena juu ya tuta?"

"Panda. Halafu mwanangu akizaliwa watamwita mpwa wa mtu aliyenusa akakimbia."

Sikupanda. Nikwambie kinywa cha mwoga kina ladha gani: kina ladha ya kijiko cha bati ulichokilamba baada ya uji kwisha. Na mate hayapo. Nilijaribu kumeza nikashindwa, nikadhani kila mtu ameona.

Watu wa Lempokada walikuja wawili wawili, wameshikana mikono, wakiimba kwa sauti ya chini isiyo na maneno. Wetu wakapiga ukelele mkali wa kukata. Wanawake wakaupokea juu ya tuta, na ule wa wanawake, dada, hausikiki masikioni, unasikika kwenye meno. Kisha tukakimbia.

Mtu anayetazama anaona ngoma. Ndani hakuna ngoma. Jozi ya kwanza tuliyokutana nayo, mmoja aliruka na nyayo zote mbili zikampata jirani yetu usoni. Nilisikia pua yake, kisha nikahisi kitu cha moto shavuni mwangu, na kilikuwa damu yake. Alikaa chini kwa adabu kabisa kama mtu aliyekaribishwa kiti. Jozi zikampita, hakuna aliyemgusa. Kijana mwingine alipigwa tumboni akatapika huku bado amemshika mwenzake, na mwenzake akaendelea kupiga teke huku anamburuta. Jino lilinirukia kwenye shati. Ndiyo, jino. Nilipolitikisa lianguke nilijiona mjinga, kama mtu anayejikung'uta makombo.

Pasang alikuwa akinitumia kama kamba. Ananivuta, anaruka kwa uzito wangu, anapiga, anarudi chini. Kila akipiga nilipata habari mkononi kabla ya macho. Teke la paja linakuja kama pigo la mto wa kulalia. Teke la kifua lina mwangwi ndani yake. Nilianza kuyajua kwa mkono, naapa, na katikati ya hofu ile nilikuwa nikijiambia, hili Dada Ludia atalipenda, hili nilikumbuke. Ndiyo maana ninakumbuka. Kama nisingekuwa nakukusanyia wewe ningefumba macho na masikio na kila kitu.

Ndipo tukakutana na Tulak. Huyu hubeba mchanga mtoni Lempokada, ana mapaja kama nguzo za ghala, na alikuwa ameshikana na mdogo wake.

"Mwashi!" akaita. "Umeleta karani aandike wosia?"

"Aandike jina lako!" Pasang akajibu. "Litamke polepole, hajazoea majina ya mbwa!"

Pasang aliruka akampata Tulak kifuani. Tulak hakutikisika. Pasang akatua, miguu yote miwili ardhini, goti la kulia limekunjika kidogo, na Tulak akazungusha mguu chini chini na kumpiga muundi.

Niliusikia mlio kwenye kiwiko changu. Ulipita mfupani mwake ukaja mfupani mwangu, masikio yalifuata nyuma. Halafu palikuwa na nafasi, fupi, ya kupepesa jicho. Halafu mkono wake ukawa mzito, mzito kabisa, ukanivuta mpaka magoti yangu yakagusa udongo. Tulak naye alikuwa amepoteza mizani kwa nguvu ya teke lake mwenyewe. Alipepesuka mbele, na mguu wake mmoja ukatua juu ya Pasang aliyekwisha kuanguka, kisha akamruka na kwenda chini kifudifudi.

Kutoka juu ya tuta walichoona ni mguu wa pili, na mtu aliyelala chini yake.

"Amempiga yuko chini!" Hiyo ilikuwa sauti ya Barumbun. "Mmeona? Kama ilivyoandikwa! Amempiga yuko chini!"

Dada, maneno hayo, kama ilivyoandikwa, niliyasikia vizuri kuliko mengine yote siku ile.

Baada ya hapo haikuwa sisemba tena. Mikono iliachiana. Mawe yalitoka tutani, na bibi mmoja muuza ndizi akapasuliwa paji la uso akiwa hata hajasimama. Watu walimkanyaga yule jirani aliyevunjwa pua, aliyekuwa bado amekaa. Barumbun alichukua panga lililokuwa likikatia mianzi ya kupikia, lina mafuta ya nguruwe, akashuka nalo. Tulak alikuwa anajaribu kuinuka. Mdogo wake akaweka mkono mbele, kama unavyoweka mkono kuzuia mlango usikugonge, na panga likamwingia kwenye kigasha mpaka kwenye mfupa. Barumbun alilazimika kulitikisa ili litoke. Mdogo mtu hakulia. Alitazama mkono wake kwa mshangao na kusema, "Lakini mimi nilikuwa nimesimama tu."

Mimi nilimlalia Pasang. Usidhani ni ushujaa, sikujua pa kwenda, na mkono wake ulikuwa haujauachia wangu. Askari walipiga risasi hewani, watu wakatawanyika, na Lempokada wakarudi ng'ambo wamebeba wa kwao nasi wa kwetu. Mguu wa Pasang ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Mganga wa viungo ameufunga gango za mianzi. Anasema utapona, lakini hasemi utapona uweje. Unajua kazi ya mwashi: kupanda ngazi na ndoo ya zege begani. Damaris alikuwa amekaa kichwani pake anamfuta jasho, na alikuwa hanitazami.

Huku kwetu, mtu akivunjwa mguu amesimama, hakuna kinyongo. Aliyekuvunja anakuja kula nawe, yameisha. Akivunjwa akiwa chini, hiyo ni damu, na ndugu zake wana haki ya kuvuka mto. Na anayeulizwa alikuwa juu au chini ni mmoja tu, aliyemshika mkono. Si watu wa tutani, si wazee, si askari. Aliyeumia mwenyewe haulizwi, maana maumivu huchanganya kumbukumbu. Mshika mkono akisema, limefungwa. Unaona nilipojiingiza kwa kunusa udongo.

Kabla ya siku ya kuulizwa, Barumbun alinifuata ofisini. Palikuwa na watu kwenye foleni. Aliweka kitu kirefu kilichofungwa gazeti juu ya meza yangu, na watu wa foleni wakakumbuka shughuli nyingine.

"Shikamoo kaka," nikasema.

"Wewe umesoma," akasema. "Mimi sikusoma. Basi nieleze. Tulak alimpiga mdogo wangu yuko wapi?"

"Kaka, wataniuliza kesho mbele ya watu wote."

"Nakuuliza leo."

"Alikuwa..."

"Kabla hujamaliza, kumbuka dada yako anakula kwa miguu ya nani. Kumbuka mtoto. Na kumbuka kwamba wewe mwenyewe ulitusomea, kwa mdomo wako, kwamba watu wale hupiga aliyeanguka. Kesho utasema kitu kingine? Watu watajua yupi ni mwongo, wewe au ndugu yako wa Ulaya?"

Nikajaribu kumweleza tena riwaya ni nini. Nilieleza vibaya. Nilisema mtunzi hachukui lililotokea, huchukua linaloweza kutokea.

"Basi lingeweza kutokea," akasema. "Na limetokea. Tatizo lako nini?"

Akachukua gazeti lake na panga lake akaondoka. Muhuri niliougonga baada yake ulilala upande.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu ya paa, Damaris alikuja kwa Mama. Hakukaa. Alisema, "Obed, ni neno moja. Chini. Ukilisema wanaleta nyati wawili kama fidia na sisi tunaishi. Usiposema hatupati hata kuku."

"Nikisema chini hawataleta nyati, Damaris. Barumbun hasubiri nyati. Atavuka na vijana."

"Na sasa unawaonea huruma wao?"

Niliwaonea huruma, lakini zaidi niliogopa. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza, na hofu hizo mbili, nikizipima, zilikuwa sawasawa. Kilichobaki nje ya hofu kilikuwa kiwiko changu tu. Nilikaa nikikikunja na kukikunjua. Kila nilipojaribu kujiambia uzito ulianza, kiwiko kilikataa.

Walikutana uani kwa Pasang, chini ya ghala la mpunga, Lempokada upande mmoja na sisi upande mwingine, mapanga yote yamewekwa kwenye mkeka. Tulak alikuwepo, na mdogo wake, mkono umefungwa vitambaa vinavyonuka siki na damu iliyokauka. Baba Tulak ndiye aliyeuliza, kwa sababu upande wa mshtakiwa ndio huuliza.

"Mshika mkono, shemeji yako alipopigwa teke la mguu, alikuwa juu au chini?"

Niliona Barumbun anatazama mkeka wa mapanga na si mimi.

"Alikuwa amesimama," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Amesimama. Mfupa ulivunjika kwanza, ndipo akaanguka. Mguu wa pili haukuwa teke. Tulak alijikwaa."

Tulak akaweka uso wake viganjani. Damaris akaingia ndani na kufunga mlango, taratibu, na ule utaratibu wake uliniumiza kuliko kama angeubamiza. Watu wa Lempokada wakainuka wakaondoka bila shangwe, kama desturi inavyotaka. Walipovuka kona ya mianzi Barumbun akanijia.

Uliniuliza mtu akipigwa anasikia nini. Ngumi ya kwanza haiumi, inawaka. Ilinipata jicho, nikaona rangi ya machungwa. Ya pili ilikuwa mdomoni, na hapo nikajua jino likipasua mdomo kwa ndani linatoa ladha ya chumvi kabla ya damu. Nilianguka. Huyu hakuwa na kanuni ya aliyeanguka. Alinipiga teke mbavuni, kila teke na neno lake: "Amesimama! Amesimama! Haya simama basi!" Nilisikia maganda ya mpunga yananiingia puani. Nilisikia nguruwe wa jirani wanalia kwa njaa yao, hawajui lolote. Kisha akaniweka goti kifuani na nikaona ameokota panga mkekani, na nikajikojolea. Nakuandikia hili kwa sababu uliomba kweli. Joto lake lilinifariji kidogo, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

"Barumbun!"

Ilikuwa sauti ya Pasang. Alikuwa amejiburuta kutoka kitandani mpaka mlangoni, gango zake zinakwaruza mbao, uso wake rangi ya majivu. Damaris nyuma yake amemshika kwapani.

"Mlete hapa," akasema.

"Amekuuza!"

"Mlete, nimuulize bei."

Barumbun aliniburuta kwa kola. Pasang alikaa kizingitini anahema, akaninyooshea mkono wa kushoto, ule ule.

"Shika. Kama siku ile." Nikashika. "Mimi sikumbuki kitu. Nakumbuka Tulak anacheka, halafu nakumbuka mawingu. Katikati hakuna. Kwa hiyo nieleze wewe, kwa mkono huu huu. Nini kilikuja kwanza?"

"Mlio," nikasema. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, nikarudia. "Mlio, halafu kimya kidogo, halafu wewe."

Alikuwa akinibonyeza vidole kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu matofali. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Weka panga. Nilikuwa nimesimama."

"Unamwamini huyu? Ameloa!"

"Ameloa na bado anasema vile vile. Wewe ungesemaje ukiwa umeloa?"

Barumbun alilichomeka panga kwenye nguzo ya ghala, akalisukuma mpaka likakaa, akaondoka. Liko pale mpaka leo, hakuna anayethubutu kulichomoa. Hajanisemesha. Kila nikienda kazini napita mbele ya zizi lake, na miguu yangu inakuwa ya mtu mwingine. Damaris ananisalimia lakini hanitengei kahawa. Jana Tulak alikuja kula. Alileta jogoo na hakuweza kumeza, akabaki anautazama mguu, mpaka Pasang akamwambia, "Kula bwana, haujafa." Mdogo wake hakuja. Vidole vyake viwili havikunjiki. Kwa hiyo usidhani nimekuandikia mwisho mwema.

Jana hiyo nilipokuwa karibu kuondoka nilimwuliza Pasang kuhusu mlio wake, kama ninaweza kukuandikia. Nilimwambia ndicho ulichokitaka zaidi.

"Kijana wake, yule Lotong. Bado amelala chini anapigwa?"

"Katika sura ile, ndiyo."

"Nikimpa mlio wangu atauweka hapo?"

"Nadhani."

"Basi mwambie dada hivi. Mlio nampa. Lakini amwinue kijana wake. Avunjike amesimama. Kitabu kikichapwa kitafika huku, na Barumbun atatafuta mtu wa kumsomea."

Ndivyo alivyosema, nami nimeandika bila kupunguza. Dada, najua hadithi ni yako, na najua labda mtu anayepigwa akiwa chini anamliza msomaji zaidi. Sina elimu ya kukufundisha kazi yako. Lakini nakuomba kama mtu aliyekuwa chini ya goti la Barumbun: mwinue. Kama huwezi, basi usisome kinachofuata, ruka mpaka kwenye salamu.

Haukuwa kuni kavu. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mlio wa muwa mbichi mtu anapouvunja gotini: mnyevu, wa chini, na mwishoni una kitu kinachochanika. Halafu ile nafasi fupi isiyo na sauti, ambayo ndani yake Pasang alikuwa bado amesimama kwa mguu uliokwisha kuvunjika, na hakuwa anajua.

Mama anakusalimu sana na anasema unywe vitu vya moto. Mama mkubwa wa Salurante anawasalimu mapacha, anauliza kama wameanza kutembea. Damaris hakunituma salamu, lakini najua angetaka uzipate, kwa hiyo pokea. Pasang anakusalimu kwa mguu mmoja, hayo ni maneno yake. Nisalimie Henk.

Mungu wetu Puang Matua akufunike wewe na nyumba yako, aondoe kikohozi hicho, na aiongoze kalamu yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kusubiri jibu lako kwa hofu,

Obed Lolongan